Kujitoa, kujitolea na kutolewa: Sarufi ya mapenzi katika fasihi

Msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ameniuliza iwapo ni sahihi kusema "mke huyu amejitoa kwa mumewe" au "amejitolea kwa mumewe". Anasema sentensi hiyo ilizua mjadala mkali katika kikao cha maandalizi ya harusi, mzee mmoja akashikilia kuwa maneno hayo ni yale yale. Mimi nasema ni ndugu, naam, lakini si mapacha.

Mzizi wa yote ni kitenzi toa. Tukikinyambua katika kauli ya kutendea, ile "l" iliyodondoka zamani hurejea, nasi tukapata tolea, yaani kutoa kwa ajili ya fulani. Tukitanguliza kiambishi "ji", mtenda anajirejelea mwenyewe. Anayejitolea hutoa nguvu zake, muda wake au mali yake kwa ajili ya mwenzake, naye akabaki. Kesho akipenda atajitolea tena. Anayejitoa amekuwa yeye mwenyewe kile kitu kinachotolewa, ndiyo maana tunasema "kujitoa mhanga". (Muhanga, kwa wasiojua, ni pia jina la mnyama achimbaye ardhi usiku akitafuta mchwa. Siku hizi magazeti yamelifunga neno hilo kwa washambuliaji wa mabomu, na sijui kama litawahi kufunguka.)

Ajabu ni kwamba kujitoa ni kuondoka vilevile. Timu hujitoa mashindanoni, mbia hujitoa katika biashara. Kwa hiyo ukisema "mke amejitoa" bila kuongeza neno, msikilizaji hajui kama amejisalimisha mzima mzima ama amefunga virago.

Kauli ya kutendwa ndiyo yenye mtego mkubwa zaidi. Kutendwa kwa toa ni tolewa. Kutendwa kwa tolea pia ni tolewa. Sikiliza basi: "Mbuzi alitolewa kafara." Hapa mbuzi ndiye kafara. "Mgonjwa alitolewa kafara." Hapa kafara ni kitu kingine, na mgonjwa ndiye aliyekusudiwa kunusurika. Sentensi hizi zina umbo moja, lakini mmoja amechinjwa na mwingine amechinjiwa! Sasa weka bi harusi: "Alitolewa mahari." Kisarufi, mahari ilitolewa kwa ajili yake. Ila nimehudhuria harusi za kutosha Eastlands, kuanzia Kaloleni hadi Kayole, na nimewasikia shangazi wakimweleza bi harusi, "Wewe si ulitolewa mahari? Vumilia basi." Hapo maana ya pili imeingia mlango wa nyuma. Aliyetolewa ni yeye.

Fasihi ya mapenzi husomeka vizuri zaidi mtu akifuatilia viambishi hivi. Katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa kisiwani Pate yapata mwaka 1858, mama mgonjwa anamuusia bintiye amtumikie mume na kutafuta radhi zake. Wapo wanaouona kama kielelezo cha utiifu, na wapo wanaouona kama hati ya utumwa. Mimi huvutiwa zaidi na jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka, kwamba anayenena ni mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, anayemwachia mwanawe silaha ya kuishi katika nyumba ya mtu. Katika Kiu (1972) ya Mohamed Suleiman Mohamed mambo ni machungu zaidi. Bahati anajitolea kwa Idi kwa moyo wote, kumbe Idi kiu yake ni mali ya Mzee Mwinyi. Anayejitolea, asipoangalia, huishia kutolewa.

Hata hivyo, simulizi inayotuhusu zaidi wakazi wa Nairobi iliandikwa kwa Kiingereza. Ni Coming to Birth (1986) ya Marjorie Oludhe Macgoye, mzaliwa wa Uingereza aliyefika Kenya mwaka 1954 na kuishi hapa hadi kifo chake mwaka 2015. Kitabu hicho kiliwahi kutahiniwa katika shule zetu za upili. Paulina, msichana wa miaka 16, anashuka garimoshi Nairobi mwaka 1956, wakati wa hali ya hatari, kumfuata mumewe Martin anayeishi Pumwani. Mimba inatoka. Akitoka hospitalini anapotea njia, analala kituo cha polisi, na anapofika nyumbani Martin anampiga.

Wanafunzi wangu wengi humsifu Paulina kwa uvumilivu. Nikiwauliza alivumilia mpaka lini, darasa hunyamaza. Kwani Paulina alijitoa! Alikwenda Kisumu, akasomea kazi, akawa na mshahara wake. Akapata mtoto nje ya ndoa, na mtoto huyo akauawa kwa risasi katika ghasia za Kisumu za mwaka 1969. Aliporejea Nairobi alirejea na kazi yake, na mwishowe Martin ndiye aliyekuja kwake. Mapenzi yale, ikiwa tutayaita mapenzi, yalianza upya pale ambapo mwanamke alikuwa na mahali pa kumpokelea mume. Kuusifu uvumilivu wake na kuziruka kurasa za Kisumu ni kumsoma nusu.

Mtu atasema profesa ametoka kwenye sarufi. La. Januari 27, 2024, maelfu ya wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine kulalamikia mauaji ya wenzao, ambayo mengi hutokea mikononi mwa wapenzi na waume. Neno "vumilia" likimwangukia msichana siku ya harusi huku "kujitoa" likiwa limebaki na maana ya kafara pekee, tunakuwa tumemnyang'anya nusu ya kitenzi anachoweza kukihitaji usiku mmoja.

Kwa msomaji wangu wa Umoja: andika "mke amejitolea kumuuguza mumewe" ukimaanisha anamhudumia kwa hiari. "Amejitoa kwa mumewe" si kosa, ila ni kauli nzito, na ukiitumia hakikisha muktadha unaeleza anayesemwa yuko wapi. Na huyo mzee wa kikao mwambie "amejitoa katika ndoa" nayo ni Kiswahili sanifu.