Kusasisha Mfumo wa Kompyuta ya Zamani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubonyeza Kitufe

Tangu kampuni ya Microsoft iliposimamisha huduma kwa mfumo endeshi wa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wenye vibanda vya steshenari, walimu na wakazi wengine wa kata zetu wamekuwa wakiuliza swali moja kwa maneno tofauti: je, kompyuta yangu ndiyo imekufa? Jibu ni hapana. Kompyuta yenye Windows 10 itaendelea kuwaka asubuhi, kuchapa barua na kutoa nakala kama ilivyozoea. Kilichokoma ni yale marekebisho ya bure ya usalama yaliyokuwa yakiletwa kila mwezi kupitia intaneti, ambayo wengi wetu tulikuwa tukiyaona kama usumbufu unaomaliza bando.

Mfumo endeshi ni programu mama inayosimamia kompyuta nzima: kibodi, skrini, printa, mafaili na programu nyingine zote. Kwa kuwa umeandikwa na binadamu, haukosi mianya. Mwanya ukigunduliwa, watengenezaji huandika kiraka na kukisambaza. Hicho ndicho kiitwacho sasisho. Asiyekipokea hubaki na mlango ambao sasa unajulikana na kila mwizi. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichopewa jina la WannaCry kilienea katika nchi zipatazo 150, kikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 na kudai fedha ili kuyafungua. Nchini Uingereza hospitali kadhaa zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka cha mwanya ule kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi mwaka huohuo, takribani miezi 2 kabla. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuwa wamekiweka.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya steshenari. Mkazi asiye na kompyuta hufika kibandani akiwa na kitambulisho cha Taifa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na vyeti vya shule, akaombewa mkopo wa elimu ya juu au namba ya mlipakodi. Nyaraka zile hupigwa skani, na nakala zake mara nyingi hubaki ndani ya mashine ile miezi mingi baada ya mwenyewe kuondoka. Flashi za wateja huingia na kutoka siku nzima. Kompyuta ya namna hiyo ikiwa haina masasisho, hasara haimwangukii mwenye kibanda peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde; kusema kwamba kompyuta ni ya zamani si kinga.

Hatua ya kwanza ni kufahamu ulicho nacho. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Kidirisha kidogo kitakuonesha toleo la mfumo wako. Ikiwa ni Windows 10, hakikisha kimeandikwa 22H2, kwa kuwa hilo ndilo toleo lake la mwisho. Ikiwa ni Windows 7, huduma yake ilikoma tarehe 14 Januari 2020, na haifai kabisa kuhifadhi taarifa za wateja.

Windows 11 haikubali kila mashine. Inataka kumbukumbu ya muda, yaani RAM, isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya diski isiyopungua gigabaiti 64, kijenzi cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha iliyoidhinishwa. Hapo kwenye prosesa ndipo kompyuta mpakato nyingi za mtumba hukwama. Tazama kibandiko kilicho karibu na kibodi, au fungua sehemu ya System ndani ya Settings, usome jina la prosesa. Kwa prosesa za Intel za familia ya Core, namba inayofuata kistari ndiyo hueleza kizazi: i5-4200U ni kizazi cha 4, i5-8250U ni cha 8, na i5-10210U ni cha 10. Kwa ujumla, kizazi cha 8 na kuendelea hukubalika, na cha chini ya hapo hukataliwa. Anayetaka uhakika atumie programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check, ambayo hueleza kama mashine inafaa na, isipofaa, ni kwa sababu gani. Wakati mwingine TPM imo ila imezimwa, na fundi anaweza kuiwasha kwa dakika chache. Kwa mashine inayokubalika na yenye leseni halali ya Windows 10, kuhamia Windows 11 ni bure.

Wapo mafundi wanaokwepa vizuizi hivyo na kuingiza Windows 11 kwenye mashine iliyokataliwa. Inawezekana, nasi hatulikanushi hilo. Lakini Microsoft imetamka kwamba kompyuta ya namna hiyo haina uhakika wa kupokea masasisho. Utakuwa umelipa fundi ili urudi palepale ulipoanzia.

Sasa tuje kwenye maandalizi, ambayo wengi huyaruka. Mwandishi wa makala haya aliyaruka pia. Nikiwa mwanafunzi wa stashahada ya mawasiliano ya umma, nilianza kuhamisha kompyuta yangu kutoka Windows 7 kwenda Windows 10 saa nne usiku, betri ikiwa mbovu na uniti za umeme zikiwa zinaelekea ukingoni. Ziliisha kazi ikiwa katikati. Asubuhi mashine haikuwaka tena, na ripoti yangu ya mafunzo kwa vitendo ilikuwa mle ndani, haina nakala popote. Niliiandika upya kwa wiki 2, nikiazima kompyuta za wenzangu.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, nakili mafaili yako kwenye flashi au diski ya nje, uichomoe na kuiweka kando. Kisha uyafungue machache kwenye kompyuta nyingine kuona kwamba yamenakilika kweli. Ongeza umeme wa kutosha, chomeka chaja, na ikiwa betri haishiki chaji, fanya kazi hii mchana katika siku ambayo haijatangazwa kukatwa umeme. Kompyuta ya mezani isiyo na kifaa cha akiba ya umeme inahitaji tahadhari kubwa zaidi.

Lipo jambo dogo linalosumbua kompyuta za zamani na ambalo wachache hulishuku: tarehe. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo bapa, mfano wa sarafu, inayotunza saa hata umeme ukiwa umezimwa. Ikichoka, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka mwingine kabisa, na vyeti vya usalama vya mtandaoni huonekana batili. Matokeo yake masasisho hugoma na kurasa za intaneti hukataa kufunguka, mwenye mashine akidhani mtandao ndio mbovu. Rekebisha tarehe kwanza. Ikirudi nyuma kila ukizima, badilisha betri hiyo.

Kuhusu bando, masasisho ya kila mwezi huweza kufikia mamia ya megabaiti, na kuhamia toleo jipya huhitaji gigabaiti kadhaa. Wengi wameyazima kabisa kwa hofu hiyo, na hilo ni kosa. Iliyo bora ni kuiambia kompyuta kwamba mtandao wake unalipiwa kwa kipimo: fungua Settings, nenda Network & Internet, chagua mtandao unaotumia, kisha washa palipoandikwa Set as metered connection. Sehemu kubwa ya masasisho itasubiri hadi utakapoamua mwenyewe, pengine usiku bando linapokuwa nafuu. Usisahau kuamua.

Kuanzisha kazi yenyewe ni rahisi. Fungua Settings, nenda Windows Update, kisha bonyeza Check for updates. Kinachohitaji moyo ni kusubiri. Kompyuta yenye diski ya kuzunguka inaweza kuchukua saa kadhaa, ikazima na kuwaka yenyewe mara 2 au 3, na asilimia zikaganda mahali pamoja kwa muda mrefu. Usibonyeze kitufe cha kuzimia. Tazama taa ndogo ya diski: maadamu inapepesa, kazi inaendelea. Ikikamilika, jaribu printa na skana kabla ya kumpokea mteja, kwa kuwa hivyo ndivyo vifaa ambavyo mara nyingi huhitaji programu zake zipakiwe upya. Ukiwa umehamia Windows 11 na hukuridhika, unazo siku 10 za kurejea mfumo wa awali kupitia sehemu ya Recovery. Kwa hiyo usikubali mtu afute folda ya Windows.old kabla ya hapo.

Je, iliyokataliwa ifanyweje? Kwa mtumiaji binafsi mwenye Windows 10 toleo la 22H2, Microsoft ilitangaza mpango wa kuendelea kupata masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kiungo chake huonekana kwenye ukurasa uleule wa Windows Update. Gharama yake ni dola 30 za Marekani, au bure kwa anayekubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kupitia akaunti ya Microsoft. Ofisi na taasisi zina mpango wao tofauti wa kulipia.

Njia nyingine ni kuweka mfumo wa Linux, kwa mfano Linux Mint, ambao ni wa bure, huendelea kupata masasisho na hufanya kazi vizuri kwenye mashine nyingi zilizokataliwa. Unaweza kuujaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Kuandika barua na kujaza fomu mtandaoni hakutakushinda, ila hakikisha printa yako inakubali, na kwamba hutegemei programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows pekee.

Na kama hakuna kinachowezekana kwa sasa, itenganishe mashine hiyo na intaneti, uifanye ya kuchapa na kutoa nakala tu, na usiifungulie barua pepe, benki wala fomu za wateja. Nyaraka zao zilizomo ndani, wale waliokwishahudumiwa na kuondoka, zifute leo, kisha ufute na kapu la taka.