Feni ya Rejeta na Istilahi Zake

Mfasiri wa kitabu cha maelekezo ya gari hukutana mapema na vyombo viwili vinavyotenda kazi kwa kufuata joto la maji ya injini. Ni rahisi kuvipa vyote jina moja, yaani "kidhibiti joto". Kufanya hivyo ni kumpoteza fundi, na pengine kumdhuru.

Chombo cha kwanza ni themostati. Hii ni vali. Injini ikiwa baridi, themostati huziba njia ili maji yasiende kwenye rejeta. Ndani yake mna nta ambayo hutanuka ipatapo joto, ikaisukuma vali ifunguke. Kwa magari mengi hutokea hivyo kati ya nyuzi 80 na 90 za Selsiasi. Themostati ya kawaida haitumii umeme, wala haiwashi feni.

Chombo cha pili ni swichi ya feni. Gari liendapo kasi, upepo wa njiani hutosha kuyapoza maji yaliyomo katika rejeta. Lisimamapo katika msongamano, au lipandapo mlima polepole na mzigo, upepo huo hukosekana. Maji yafikapo nyuzi 95 hadi 105 hivi, kwa kutegemea aina ya gari, swichi huunganisha umeme na feni ikazunguka. Yakipoa nyuzi chache hukata. (Msomaji asishangae kuona maji yakipita nyuzi 100 bila kuchemka: kifuniko cha rejeta huyabana kwa shinikizo.) Katika magari ya siku hizi, kihisio hupeleka habari kwenye kompyuta ya injini, nayo ndiyo iamuayo. Kiyoyozi kikiwashwa, feni huweza kuzunguka hata kabla maji hayajapata joto kali.

Kuhusu majina yenyewe, "rejeta" na "feni" yamekwisha kukomaa katika gereji zetu, na hatuoni faida ya kuyabunia mengine. "Pangaboi" tungeliachia lile la darini. Hata hivyo, neno "feni" peke yake halitoshi. Malori mengi na magari ya zamani yana feni ya mkanda, ambayo huzungushwa na injini na husimama injini izimwapo. Feni ya umeme haifuati kanuni hiyo. Injini ikizimwa ingali na joto kali, pampu ya maji husimama, joto la maji hupanda zaidi, na katika magari kadhaa feni huanza kuzunguka yenyewe wakati fundi ameshafungua boneti.

Mfasiri aandikaye tu kwamba "feni huzunguka injini iwakapo" ameeleza sawa habari za feni ya mkanda, lakini mwenye feni ya umeme amemwacha aingize vidole. Kwa hiyo tunapendekeza ilani ya aina hiyo ifasiriwe hivi: "Feni ya umeme yaweza kuanza kuzunguka wakati wowote, hata injini ikiwa imezimwa. Tenganisha waya wa betri kabla ya kuingiza mkono."