Divai inayongoja miaka 30, na shamba lililomngoja mwenyewe

Chupa ya divai nyekundu ya Léoville Barton ya mwaka 2016 bado ni changa. Wanaoijua hushauri ilazwe gizani, mahali penye ubaridi, hadi ipite miaka kumi na zaidi tangu mavuno. Ya mwaka mzuri huendelea kunoga hata baada ya miaka 30. Kwa mtu wa Uvira hilo laweza kusikika kama mzaha. Pombe ya michikichi inayogemwa kandokando ya ziwa, kutoka hapa kushuka hadi Baraka, huanza kuchacha ndani ya saa chache: asubuhi tamu, jioni kali, kesho kutwa siki. Kasiksi ya ndizi huvumilia siku chache tu zaidi.

Siri ya kwanza ya divai hiyo iko kwenye ganda la zabibu. Sehemu kubwa ya mizabibu ya Léoville Barton ni ya aina ya cabernet sauvignon, yenye tunda dogo na ganda nene. Ganda hilo lina tanini, kile kitu kinachokaza ulimi kama chai iliyokolea sana. Tanini na uchachu wa tunda huilinda divai isiharibike, kisha kadiri miaka inavyopita ukali hulainika. Kabla ya kutiwa chupani hukaa zaidi ya mwaka katika mapipa ya mwaloni ya lita 225.

Mtu atauliza kama mzabibu hauwezi kupandwa huku kwetu. Dodoma, nchini Tanzania, wanapanda na wanavuna mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mti. Lakini divai ya kulazwa miaka 30 inadai zaidi ya hali ya hewa. Inadai mwenye shamba awe na hakika kwamba atakuwepo, yeye au mwanawe, siku ya kuifungua.

Hapo ndipo familia ya Barton inapovutia. Thomas Barton alitoka Ireland akahamia Bordeaux, na mwaka 1725 akaanzisha biashara ya divai. Mjukuu wake, Hugh, alikamatwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa kwa kuwa ni mgeni. Alipoachiliwa aliondoka nchini, na biashara ikabaki mikononi mwa Mfaransa, Daniel Guestier. Guestier aliitunza kwa uaminifu, na mwaka 1802 wawili hao wakaunda ushirika rasmi. Mwaka 1821 Hugh alinunua shamba la Langoa katika kijiji cha Saint-Julien, na mwaka 1826 akanunua sehemu ya shamba kubwa la Léoville. Mwaka 1855 divai zote mbili ziliingizwa katika orodha rasmi ya madaraja ya Bordeaux: Léoville Barton daraja la pili, Langoa la tatu.

Juni 1940 Wajerumani walipoingia Ufaransa, Ronald Barton, mwenye mashamba wakati huo, ilimbidi akimbie. Mali ya Mwingereza ilikuwa mali ya adui, na wanajeshi wa Kijerumani walikwisha kukaa Langoa. Aliyeyaokoa mashamba alikuwa tena mtu wa ukoo wa Guestier, naye akiitwa Daniel. Aliwashikilia Wajerumani kwamba Barton ni Mwairishi, na Ireland haikuwa upande wowote katika vita ile. Hoja ikapita. Ronald aliporudi mwaka 1945 alikuta mizabibu imechoka na haina matunzo, lakini ingali yake. Mwaka 1983 alimkabidhi mpwa wake Anthony, aliyekuja kusifiwa kwa kutopandisha bei kwa pupa kama majirani zake. Anthony alifariki Januari 2022. Binti yake, Lilian, ndiye aliyerithi kazi.

Uvira tunajua kukimbia. Mwaka 1996 vita vilipita hapa, kiwanda cha sukari cha Kiliba kikasimama, na watu wakavuka ziwa hadi Kigoma, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo huo. Aprili 2020 haikuwa vita bali mto Mulongwe uliofurika na kubomoa nyumba. Februari 2025, Bukavu ilipotekwa, maelfu kwa maelfu walivuka Ruzizi kuingia Burundi, wengi wakalala katika uwanja wa mpira wa Rugombo.

Tofauti na Ronald Barton ni karatasi. Sheria ya ardhi ya 1973 ilitamka kwamba ardhi ya nchi ni mali ya Serikali, na raia hupewa haki ya kuitumia kwa cheti. Katika bonde la Ruzizi wakulima wengi hawana cheti hicho. Wanashika shamba kwa mila, kwa kumtambua chifu na kwa ushuhuda wa majirani. Anayerudi akakuta mwingine analima hana cha kuonyesha mezani. Huanza kutafuta mzee aliyekuwepo siku babu yake alipopimiwa mpaka, na mara nyingi mzee huyo ameshafariki, au naye yuko ng'ambo.