Leza ya mtumba haijaribiwi kwa jicho

"Tochi ya leza ya kijani, imetumika miezi michache, bado kali. Inapiga mbali sana. Haina shida yoyote, ila mwanga umepungua kidogo. Ina chaja na ufunguo wake. Bei maelewano yapo, njoo inboksi."

Anayeperuzi matangazo ya vitu vilivyotumika kwenye simu yake anaweza kukutana na tangazo la namna hii katikati ya redio za magari, spika na simu zenye ufa kwenye kioo. Kwa mkazi wa Tanga, kuipata bidhaa yenyewe si kazi. Unamtumia muuzaji wa Dar es Salaam pesa kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi, na kesho yake unauchukua stendi ya Kange. Si rahisi mtu kuuliza mnunuzi ana umri gani, wala nani ataichezea akifika nayo nyumbani.

Watu wa mwambao wamezoea vitu vya mtumba na wana kanuni yao: usilipe kabla hujajaribu. Redio unaiwasha, feni unaichomeka, baiskeli unaipanda. Kwa leza yenye nguvu kubwa kanuni hiyo hugeuka mtego, kwa sababu jicho haliwezi kupima nguvu ya leza, na kule kuijaribu ndiko kunakoumiza.

Miliwati moja na miliwati elfu

Leza ya kwanza duniani iliwashwa na Theodore Maiman huko California Mei 16, 1960. Tangu hapo imeingia kila mahali: kwenye mashine za kusoma bei madukani, kwenye deki za DVD, na kwenye nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi. Tangazo la leza uliloliona kwenye simu huenda nalo lilisafiri sehemu ya njia likiwa mwanga wa leza.

Tofauti yake na tochi ya kawaida ni kwamba mwanga wa tochi husambaa, ilhali wa leza huenda pamoja katika mwale mwembamba. Balbu ya LED ya wati 5 inayowaka sebuleni hutumia umeme mara elfu tano ya nguvu ya leza ya miliwati 1, lakini mwanga wake umetawanyika chumba kizima na haumdhuru anayeitazama mara moja.

Kimataifa leza hupangwa kwa madaraja. Daraja la 2 ni zile za mwanga unaoonekana zisizozidi miliwati 1, zinazofaa kuonyeshea darasani. Daraja la 3R hufika miliwati 5, na Marekani haziruhusiwi kuuzwa kama leza za kuonyeshea zikizidi hapo. Daraja la 3B huendelea hadi miliwati 500. Juu ya hapo ni daraja la 4, ambalo huwasha kiberiti, huunguza ngozi, na hata doa lake tu likiakisiwa ukutani laweza kuumiza jicho la anayelitazama kwa karibu. Zinazosifiwa kuwa "kali" na "zinapiga mbali" aghalabu ni za madaraja haya mawili ya juu.

Mionzi ya leza si ile ya X-ray. Haisababishi saratani wala haibaki mwilini. Madhara yake makubwa ni ya joto, na mahali pa kwanza pa kuungua ni jichoni.

Kinachotokea ndani ya jicho

Mbele ya jicho pana konea na lenzi, na kazi yake ni kukusanya mwanga na kuuelekeza kwenye retina, utando wa nyuma unaopokea picha. Mwale wa leza ukiingia, hukusanywa hadi kuwa nukta yenye upana wa kama sehemu mbili za mia za milimita moja. Kwa mkusanyiko huo, ukali wa mwanga kwenye retina huwa takriban mara laki moja ya ule uliofika kwenye mboni.

Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa na kubaki kama pete mbele ya macho ya waliofika Rujewa, mkoani Mbeya, watu walionywa wasilitazame bila miwani maalumu. Leza ya miliwati 5 tu ikielekezwa moja kwa moja jichoni, humimina kwenye nukta hiyo ndogo mwanga mzito kuliko ule wa jua.

Maumbile yametupa kinga: tukimulikwa, tunafumba macho ndani ya robo sekunde hivi. Kwa leza ya miliwati 1 robo sekunde inatosha kutuokoa. Kwa leza ya miliwati mia kadhaa, retina huwa imeshaungua kabla kope hazijakutana.

Madaktari wa macho wanalijua hilo vizuri, kwa kuwa wenyewe hutumia leza kuchoma retina kwa makusudi. Mgonjwa wa kisukari ambaye mishipa yake ya retina imeharibika hutibiwa kwa leza ya kijani yenye urefu wa wimbi wa nanometa 532, kwa nguvu ya miliwati mia moja au zaidi, kwa mapigo ya sehemu ya kumi ya sekunde au chini yake. Kila pigo huacha kovu dogo. Daktari hupima nguvu, huchagua mahali, na hukwepa makula, kile kitovu cha retina kinachotuwezesha kusoma na kutambua sura za watu. Tochi ya kijani ya mitandaoni hutoa wimbi lilelile la nanometa 532, wakati mwingine kwa nguvu zaidi, na mtoto anayeichezea uani Ngamiani hana kipimo wala shabaha. Tena mtu anapouangalia mwale huo moja kwa moja, makula ndiyo inayopigwa.

Retina haina mishipa ya maumivu. Mtu anaweza kuungua na asisikie hata mchonyoto. Mwaka 2018 jarida la tiba la *New England Journal of Medicine* lilichapisha habari za mtoto wa miaka tisa wa Ugiriki aliyekuwa akiuangalia mara kwa mara mwale wa leza ya kijani. Alipochunguzwa, makula ya jicho lake la kushoto ilikuwa imetoboka, na jicho hilo lilihitaji kusogea hadi umbali wa mita 6 ili lione kile ambacho jicho zima hukiona kwa umbali wa mita 30. Kwa majeraha ya aina hii hakuna dawa iliyothibitishwa kurudisha retina iliyoungua. Baadhi ya matundu huzibwa kwa upasuaji, lakini kovu hubaki.

"Mwanga umepungua kidogo"

Maneno haya humfanya mnunuzi aombe apunguziwe bei. Kwa anayejua kilichomo ndani ya tochi ya kijani, ndiyo ya kutisha kuliko yote kwenye tangazo.

Tochi nyingi za kijani hazizalishi kijani moja kwa moja. Ndani yake mna diodi inayotoa mwanga wa infraredi wa nanometa 808, usioonekana kwa jicho. Mwanga huo huingia kwenye fuwele ndogo inayoubadili kuwa infraredi nyingine ya nanometa 1064. Fuwele ya pili huukata urefu huo wa wimbi nusu kwa nusu, na hapo ndipo hutoka kijani cha 532. Sehemu tu ya mwanga wa mwanzo hubadilika. Inayobaki hutakiwa kuzuiwa na kichujio kwenye mdomo wa tochi, na kwenye tochi za bei rahisi kichujio hicho mara nyingi hakiwekwi.

Mwaka 2010, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani walieleza walichokikuta kwenye tochi ya kijani ya dola 15 iliyoandikwa miliwati 10. Kijani chake kilikuwa hafifu, lakini ilikuwa ikitoa karibu miliwati 20 za infraredi. Jicho halioni infraredi, kwa hiyo halifumbi na mboni haisinyai. Anayeitazama huona mwanga mdogo usio na makali, kumbe retina inapikwa.

Sasa chukua tochi iliyokwishapita mikono miwili mitatu. Imeanguka sakafuni na fuwele zimesogea kidogo. Imewashwa kwenye joto la Tanga, na joto nalo huathiri ubadilishaji wa mwanga. Kijani kinafifia huku diodi ya infraredi ikiendelea na kazi yake kama kawaida. Kwa macho inaonekana imechoka, ilhali hatari yake haijapungua.

Hata ikiwa nzima, ung'avu haukuambii nguvu. Jicho huona kijani cha nanometa 532 kuwa kinang'aa mara nane hivi kuliko nyekundu ya nanometa 650 yenye nguvu ileile. Bluu ya nanometa 445 huonekana hafifu zaidi, na leza nyingi zinazovuka wati nzima ni za bluu hiyo. Kwa hiyo bluu inayoonekana ya upole inaweza kuwa na nguvu kuliko kijani kinachoumiza macho.

Lebo nayo haina uhakika

Mnunuzi atasema atasoma kibandiko. Mwaka 2013 taasisi hiyohiyo ya Marekani ilitangaza matokeo ya kupima leza 122 za kuonyeshea. Karibu asilimia 90 ya za kijani na asilimia 44 ya za nyekundu zilikuwa zinavuka kiwango cha usalama. Hayo ni katika nchi yenye kikomo cha miliwati 5 kilichoandikwa kwenye kanuni. Wapo watengenezaji wanaopunguza tarakimu kwenye kibandiko ili mzigo upite, na wapo wanaoiongeza ili kuvutia wateja.

Kwetu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hukagua bidhaa zinazoingia kupitia bandarini na mipakani kama Horohoro. Lakini ukaguzi hauwezi kufuatilia kitu kimoja kinachotoka mkononi mwa mtu kwenda kwa mwingine ndani ya bahasha. Ikishauzwa mara ya pili, kibandiko huwa kimechunika, maelekezo yamepotea, na betri iliyomo si ile iliyokuja nayo.

Miwani inayotupiwa ndani ya boksi kama nyongeza haitoshi kumtia mtu moyo. Miwani ya kweli ya leza huandikwa inazuia mawimbi gani na kwa kiwango gani, na inayozuia kijani si lazima izuie infraredi. Miwani ya jua haisaidii kitu.

Si jicho la mwenye tochi tu

Mwale unaotanuka kwa kiasi cha kawaida huwa na upana wa kama mita moja baada ya kwenda kilomita moja. Ukigonga kioo cha mbele cha ndege ndogo usiku, husambaa na kumjazia rubani mwanga mahali pote, katika dakika anazozihitaji sana za kutua. Nchini Marekani marubani waliripoti matukio 13,304 ya kumulikwa leza mwaka 2023. Kwa mji kama Tanga, wenye uwanja wa ndege karibu na makazi ya watu, huo si mchezo wa vijana.

Barabarani mambo ni ya karibu zaidi. Dereva wa bodaboda anayekwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Akipofushwa kwa sekunde tatu, ameshaendesha mita 50 bila kuona. Nahodha anayeingia usiku akitafuta taa za gati naye hana tofauti.

Viwanjani tabia hii ina mfano unaojulikana. Machi 29, 2022, Mohamed Salah wa Misri alipiga penalti nchini Senegal huku uso wake ukiwa wa kijani kwa leza za mashabiki, akakosa. FIFA ililitoza shirikisho la Senegal faini ya faranga za Uswisi 175,000 kwa makosa ya siku hiyo, leza zikiwemo. Washabiki wanaojaa Mkwakwani wana vuvuzela na ngoma, na hizo zinatosha.

La kufanya

Anayehitaji leza ya kufundishia anunue mpya, ya daraja la 2, isiyozidi miliwati 1, kwenye duka linalotoa risiti na litakalopatikana kesho. Nyekundu inatosha, na ubaoni fimbo ya mwalimu haijapitwa na wakati.

Mzazi akiikuta tochi ya leza yenye ufunguo mdogo kitakoni, betri nene ya kuchaji, na kofia ya kumwaga vidoti kama nyota, aichukue. Hicho si kitu cha mtoto kuchezea, hata ikiandikwa chini ya miliwati 5.

Aliyemulikwa jichoni afumbe jicho moja na kutazama mistari ya daftari la hesabu kwa jicho jingine, kisha abadilishe. Akiona doa katikati, ukungu, au mistari iliyopinda, aende kliniki ya macho hospitali ya Bombo mapema, hata kama hasikii maumivu. Akihitaji uchunguzi zaidi wa retina, kuna hospitali kubwa kama KCMC Moshi na Muhimbili. Asidondoshee maziwa, asali wala majani, na asinunue dawa ya matone bila kuandikiwa. Vitu hivyo haviifikii retina, na vinaweza kuongeza ugonjwa mwingine juu ya konea.

Aliye nayo na ameichoka asiitangaze. Aitoe betri, azibe ncha zake kwa utepe wa gundi, na aivunje tochi isiweze kuwaka tena. Elfu kadhaa atakazozikosa ni chache kuliko gharama ya jicho la mtu asiyemfahamu. Na kwa mnunuzi, muuzaji atakapokupa tochi mkononi na kusema "ijaribu mwenyewe", hapo ndipo pa kumrudishia na kuondoka.