Ulinganishi wa Viuavijasumu katika Maambukizi ya Tumboni: Mafunzo kwa Sera ya Tiba Bujumbura

1. Utangulizi

Mkazi wa Kinanira, kusini mwa Bujumbura, anapotoboka utumbo huhitaji upasuaji na viuavijasumu kwa pamoja. Makala haya yanafafanua kwamba kulinganisha dawa bila kuzingatia upasuaji na matokeo ya maabara huipotosha sera.

2. Muda wa tiba

Jaribio la STOP-IT, lililochapishwa mwaka 2015, lilihusisha wagonjwa 518 nchini Marekani na Kanada. Kundi moja lilipewa dawa kwa takribani siku 4. La pili liliendelea hadi dalili zilipokwisha, kwa kawaida siku 8. Maambukizi ya kidonda, maambukizi kurudi tumboni au kifo vilitokea kwa asilimia 21.8 na 22.3 mtawalia. Siku za ziada, basi, hazikuleta nafuu. Hata hivyo, wagonjwa hao wote walikuwa wamekwisha kuondolewa chanzo cha maambukizi ipasavyo. Pale ambapo upasuaji huchelewa, matokeo hayo hayawezi kuhamishwa bila tahadhari. Katika mlipuko wa homa ya matumbo wilayani Kasese, Uganda, kati ya 2007 na 2009, wagonjwa 249 kati ya 577 walitoboka utumbo, na 47 walifariki.

3. Uchaguzi wa dawa

Kwa maambukizi makali, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unataja seftriaksoni pamoja na metronidazoli: ya kwanza hukabili bakteria wa utumbo kama E. coli, ya pili wale wasiohitaji oksijeni. Lakini utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa asilimia 64 ya Klebsiella pneumoniae walitoa vimeng'enya vinavyovunja seftriaksoni. Dhidi ya bakteria sugu wa aina hiyo katika damu, jaribio la MERINO la 2018 lilibaini vifo vya asilimia 12.3 kwa piperasilini-tazobaktamu na 3.7 kwa meropenemu. Kumpa kila mgonjwa meropenemu, hata hivyo, ni kuharakisha usugu dhidi ya dawa ya akiba.

4. Hitimisho

Inapendekezwa kwamba hospitali za rufaa zirekodi mambo matatu kwa kila mgonjwa: saa ya upasuaji, bakteria waliooteshwa na siku za dawa. Siku 4 zitoshe pale chanzo kilipoondolewa. Meropenemu iongozwe na maabara. Bila rekodi hizo, Bujumbura itaendelea kuazima majibu ya hospitali za kwingine.