KOMPYUTA YA KUUNGA MWENYEWE IKIKATAA KUWAKA



Siku hizi vijana wengi wananunua vipande vya kompyuta kuukuu na kuviunga wenyewe. Kompyuta hizi zinachapa barua, zinatunza picha za familia na nakala za vyeti, na zinawapatia wenye nazo fedha kidogo ya sabuni na chumvi. Lakini iko siku unabonyeza swichi na kompyuta haiwaki. Hapo wengi wetu tunafanya kosa moja: tunanunua kipuri kipya kabla ya kujua kilichoharibika.

Kikundi chetu kilifanya kosa hilo. Tulichanga fedha, wengine wakauza sehemu ya unga wa mgao, tukamwagiza mtu aliyepata kibali atuletee pawa saplai kutoka mjini. Tulipoifunga, kompyuta ilibaki vile vile. Baadaye tuligundua kwamba kijiwaya cha swichi kilichomoka siku tulipohamisha meza. Unga haukurudi. Kwa hiyo shikeni kanuni hii: kagua kwanza, azima ujaribu, nunua mwisho. Na kila mara badilisha kitu kimoja tu, ili ujue ni kipi kilicholeta nafuu.

TAHADHARI KABLA YA KUFUNGUA

Chomoa plagi, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde kama 10 ili umeme uliobaki uishe. Mikono iwe mikavu, na watoto wakae mbali. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika vipande vya ndani, kwa sababu umeme mdogo wa mwilini unaweza kuviharibu.

Usifungue kamwe lile boksi la pawa saplai lenyewe. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kutunza zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme huo unaua.

JE, HAIWAKI KABISA, AU INAWAKA BILA PICHA?

Jiulize swali hili kwanza, maana haya ni magonjwa mawili tofauti. Sikiliza kama feni zinazunguka na tazama kama kuna taa yoyote inayowaka.

A. HAIWAKI KABISA

1. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Ikifanya kazi, badilisha waya wa umeme wa kompyuta. Mara nyingi waya wa skrini ni wa aina moja, unaweza kuutumia kwa kujaribu.

2. Tazama nyuma ya pawa saplai. Swichi ndogo iwe upande wa alama ya I, si O. Pawa saplai za zamani zina pia kiteuzi cha volti 115 na 230. Kwa umeme wetu lazima kiwe 230. Kikiwekwa 115, pawa saplai itaungua mara utakapowasha.

3. Kama unatumia sola na inveta, usidanganyike kwamba umeme upo kwa kuwa taa na simu zinafanya kazi. Kompyuta inahitaji wati nyingi zaidi, na inveta ndogo hujizima. Pia ziko pawa saplai zisizopatana na inveta za bei nafuu. Jaribu kwa umeme mwingine kabla ya kuihukumu kompyuta.

4. Chomoa plagi, fungua kasha. Kutoka kwenye pawa saplai kunakuja nyaya mbili muhimu hadi mazabodi: ile pana ya pini 24 (za zamani zina 20), na ndogo ya pini 4 au 8 karibu na prosesa. Wengi huisahau hii ndogo. Kandamiza zote mpaka zishike.

5. Fuata kijiwaya cha swichi ya mbele hadi mazabodi. Kama kimechomoka, kirudishe. Kama kipo mahali pake, huenda swichi imekufa. Kijaribio rahisi ni kuchomeka hapo kijiwaya cha swichi ya kuanzishia upya, kisha ubonyeze hiyo.

6. Toa mazabodi kwenye kasha, iweke juu ya ubao mkavu au karatasi ngumu, uunge tena ujaribu. Ikiwaka hapo, basi ndani ya kasha kuna skrubu au kijinguzo kinachogusa mahali pasipotakiwa. Kosa hili ni la kawaida sana kwa kompyuta tunazounga wenyewe.

7. Sasa tu ndipo uazime pawa saplai ya mwenzako na kujaribu. Kompyuta ikiwaka kwa hiyo, nunua.

B. INAWAKA LAKINI SKRINI NI NYEUSI

1. Hakikisha skrini yenyewe ina umeme. Kama umefunga kadi ya picha, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi hiyo.

2. Chomoa plagi, toa ramu. Futa meno yake polepole kwa raba ya penseli, pangusa vumbi, uirudishe mpaka ishike pande zote mbili. Kama ziko mbili, jaribu moja moja. Vumbi la hapa kwetu huleta tatizo hili mara nyingi.

3. Plagi ikiwa nje, toa betri ya duara iliyo juu ya mazabodi kwa dakika 5, kisha irudishe. Hii hufuta mipangilio iliyoharibika. Betri hiyo ni ya volti 3, namba yake kwa kawaida ni CR2032.

4. Kama inawaka na kuzima baada ya muda mfupi, safisha feni ya prosesa uone kama inazunguka na imekazwa vizuri. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujizima ili isiungue.

5. Tazama kapasita, yale makopo madogo yaliyosimama juu ya mazabodi. Vichwa vyake viwe bapa. Vikivimba au kuvuja, mazabodi inahitaji fundi wa kulehemu. Mazabodi nyingi za kati ya 1999 na 2007 zilitengenezwa na kapasita mbovu, na baadhi bado zinauzwa kwa bei ya chini. Zikague kabla ya kutoa fedha yako.

BARUA ZAKO HAZIJAPOTEA

Kompyuta kukataa kuwaka si kusema kwamba kazi yako imefutika. Barua na picha zimo ndani ya hadi diski, na diski hiyo inaweza kufungwa kwenye kompyuta nyingine na kusomwa. Kwa hiyo ukipeleka kompyuta kwa fundi usiyemfahamu, au ukiiuza kama chuma chakavu, toa diski ubaki nayo. Humo mna majina ya ndugu zetu, picha zao na nakala za vyeti vyao. Hatujui zitaishia mikononi mwa nani.

Mwisho, andika kwenye daftari kila ulichojaribu na matokeo yake, ili mwenzako asianze upya. Na mwenye pawa saplai au ramu nzima asimnyime jirani kwa majaribio ya dakika chache. Dakika hizo zinaweza kuokoa unga wa familia nzima.