Makaa mekundu bado yana sumu

Kambini wengi wetu hupika nje. Ukihamia Kampala, mara nyingi utapanga chumba kimoja tu, na jiko la makaa, ambalo huko huitwa sigiri, litaingia ndani mvua inaponyesha. Wanaochoma nyama ya kuuza kwa pipa lililokatwa nao huliingiza usiku likiwa bado la moto. Hapo ndipo hatari ilipo.

Washa makaa nje, kwa vijiti vikavu au karatasi. Usitumie kaveera, moshi wake ni sumu. Acha hewa ipite chini mpaka makaa yashike vizuri. Ukiibana hewa, kama vile kufunika pipa, makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi kwa wingi.

Watu husema makaa yakiwa mekundu bila moshi hayana madhara. Si kweli. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania damu mara 200 hivi kuliko oksijeni. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, mwili hulegea. Wengi hudhani ni malaria. Lakini ikiwa nyumba nzima inaumwa kichwa bila homa, na mnapata nafuu mkitoka nje, sababu yaweza kuwa sigiri. Mtoto aliye tumboni huathirika zaidi.

Aliyezimia mtoeni nje kwanza, kisha mpelekeni hospitali haraka.

Sigiri ikilala nje yaweza kuibwa, tunajua. Basi izime kwa mchanga au maji, ipoe kabisa, ndipo uiingize. Makaa yaliyolowa yakikauka huwaka tena.